Muulize Sista: Kanywa mafuta ya taa, mbona wanamtibu mapafu?

*Shikamoo Sista. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza. Kitinda mimba wangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nafua uani. Mafuta ya taa ya jiko la mchina nilikuwa nimeyaacha jikoni kwenye chupa ndogo ya maji, nusu chupa hivi. Kifuniko kilipotea, nikaziba kwa gunzi. Mara nikasikia mtoto anakohoa kama mtu aliyepaliwa. Kufika, nguo imelowa mafuta na mdomo unanuka. Jirani akamtia kidole kooni akatapika, tukampa maziwa, akatapika tena. Baada ya saa moja akawa anapumua harakaharaka huku anaguna, tukapanda bodaboda.*

*Hospitali hawakumwosha tumbo. Walimvua nguo, wakamwogesha kwa sabuni, wakamwekea mirija ya oksijeni puani, basi. Nilipoulizia sindano wakasema tusubiri. Usiku hali ikawa mbaya, tukahamishiwa hospitali kubwa. Huko aliunganishwa na mpira uliochovywa kwenye chupa ya maji, ikawa inabubujika usiku na mchana kwa siku nne. Siku ya tano homa ikapanda upya, ndipo wakaanza kumchoma sindano. Tulitoka siku ya 12. Wiki iliyopita tumerudi kwa picha ya kifua. Daktari anasema pafu la kulia, upande wa chini, lina vipovu viwili vya hewa, turudi baada ya wiki sita, na hakutoa dawa yoyote. Mama mkwe anasema hayo ni matundu ya kifua kikuu na tunafichwa. Shemeji anasema mtoto angeoshwa tumbo siku ile, mafuta yasingefika mapafuni. Mtoto anacheza na anakula, usiku anakohoa kidogo. Nieleweshe, Sista, maana humu ndani nimekuwa mshtakiwa.*

*Mama wa Muheza*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na neno lililonishika umeliandika mwenyewe bila kukusudia: ulimsikia anakohoa kama mtu *aliyepaliwa*. Ugonjwa ulianzia hapo hapo, kabla jirani hajafika na kabla ya bodaboda. Shemeji yako anadhani mafuta yalishuka tumboni, yakakaa, kisha yakapanda mapafuni. Siyo njia yake hiyo. Mafuta ya taa yaliyomo tumboni hunyonywa kidogo sana na mwili. Yatamletea mtoto kichefuchefu, pengine kuharisha, na atacheua harufu yake siku nzima. Yanayotutisha sisi ni yale machache yaliyokosea njia kooni.

Fanya hivi siku moja watoto wakiwa hawapo. Mwaga tone la mafuta ya kupikia juu ya sahani, na pembeni mwaga tone la mafuta ya taa. La kwanza litatulia pale pale limevimba. La pili, kabla hujashika kitambaa, limeshasambaa sahani nzima. Wepesi huo ndio ubaya wake. Mtoto akikohoa mara moja tu mafuta yakiwa mdomoni, yanateleza kwenye njia ya hewa na kutambaa mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Mililita 1, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai, inatosha kumlaza mtoto kwenye oksijeni.

Kule ndani yanafanya nini? Vifuko vya hewa vimepakwa ute mwembamba sana unaovizuia visigandane mtoto anapotoa pumzi. Mafuta ya taa huuharibu ute huo. Wale tuliotumia mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku Juni 2019 tunakumbuka ulivyokuwa mfuko ulioloa ndani: pande zinagandana, unapuliza mpaka mashavu yanauma ndipo ufunguke. Sasa fikiria mtoto wa mwaka mmoja na nusu anafungua mifuko ya namna hiyo kila pumzi. Kule kuguna ulikokusikia ni juhudi yake ya kubana hewa kidogo ndani ili isiishe yote, kwa sababu ikiisha, vifuko vinafunga.

Kuhusu kuoshwa tumbo nina la kuungama. Nilianza kazi wodi ya watoto miaka ya themanini, na sisi tulikuwa tunaosha. Aliletwa mtoto wa miaka miwili hivi, ametembea mwenyewe kutoka getini, analia kwa nguvu, na kulia kwa nguvu maana yake mapafu yanafanya kazi. Tukamshika watu wawili, mimi miguu na mwenzangu mikono, mpira ukapita puani mpaka tumboni. Maji yalipoingia akatapika pembeni ya mpira, na yaliyotoka yalikuwa yananuka mafuta. Nilimwona akivuta pumzi katikati ya matapishi. Saa mbili usiku yule aliyeingia akilia alikuwa hana sauti. Alikaa nasi siku tisa, akapona. Mpaka leo nikisikia mtu anasifu kuosha tumbo kwa mafuta ya taa namwona yule mtoto. Mafuta yaliyokwisha kupita kooni mara moja na kutulia tumboni, wewe unayapitisha pale pale mara ya pili. Ndiyo maana sasa hatutapishi na hatuoshi.

Jirani yako alitaka kusaidia, kwa hiyo usimnunie, ila mwambie: kidole kooni, hapana, maji ya chumvi, hapana, yai bichi, hapana. Maziwa hayaui sumu hii. Yanajaza tumbo, na tumbo lililojaa linatapika, ulivyoona mwenyewe. Hata mkaa wa dawa unaotolewa hospitali kwa sumu nyingine haushiki mafuta ya taa.

Ulilotakiwa kufanya siku ile ni dogo mno, na ndiyo sababu watu hawaliamini. Unamvua nguo zilizolowa, kwa sababu zinachubua ngozi na anaendelea kuvuta mvuke wake. Unamwosha kwa maji na sabuni. Unamkalisha wima kifuani kwako na kwenda hospitali, hata kama amenyamaza na anaonekana mzima. Mtoto asiye na dalili yoyote tunakaa naye saa 6 tukimwangalia, kwa maana mapafu yanaweza kuchelewa kulalamika. Na chupa mnaibeba. Kuna watu wanaochanganya dawa ya wadudu na mafuta ya taa kisha wanaweka kwenye chupa isiyo na maandishi. Mtoto akifika anatoka jasho, mate yanamchuruzika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, hayo ni mambo mengine na dawa yake ipo. Tukiijua chupa hatupotezi muda.

Sasa matibabu, maana nimeona neno lako "basi": wakamwekea oksijeni, *basi*. Wazazi wengi wanaliona hivyo. Dawa inayoyeyusha mafuta ya taa kwenye pafu haipo. Pafu linajisafisha na kutengeneza ute wake upya, na kazi ya hospitali ni kumweka mtoto hai wakati hilo linatendeka. Kile kidude chenye taa nyekundu alichobanwa kidoleni kinasoma oksijeni ya damu. Ikishuka chini ya 90 kwa 100 mtoto anahitaji oksijeni, hakuna mjadala. Ugonjwa huu kwa kawaida unazidi kwa siku mbili tatu za mwanzo halafu unaanza kulegea. Kuzidiwa kwa mwanao usiku ule hakukuwa na maana kwamba hospitali ya kwanza ilikosea. Walimwona oksijeni ya mirija haimtoshi wakamhamisha mapema, na kwa hilo mimi nawapa mkono.

Chupa iliyobubujika naipenda kuliko mashine zote nilizowahi kushika. Hewa na oksijeni vinaingia puani kwa mpira mmoja, mpira wa pili unatoka na ncha yake imechovywa kwenye maji. Kina cha ncha ndicho kipimo: imezama sentimita 5, basi msukumo ni wa sentimita 5, unataka zaidi, unazamisha zaidi. Mtoto akitoa pumzi lazima aisukume ipite kwenye maji, kwa hiyo hewa kidogo inabaki mapafuni na vifuko havigandani. Ile kazi aliyokuwa anaifanya kwa kuguna, chupa inamfanyia. Tulikuwa tunawaambia akina mama wodini: msiogope kelele ya chupa, ogopeni ikinyamaza. Ikinyamaza, mpira umechomoka au hewa inavuja pembeni ya pua, mwite nesi. Najua hukulala siku zile nne. Ulikuwa unaisikiliza, sivyo?

Sindano. Homa ya siku mbili za mwanzo, hata ikiwa kali, mara nyingi ni ya pafu lililounguzwa na mafuta, haina bakteria. Ukimchoma mtoto siku ya kwanza "kwa tahadhari" hujamkinga na kitu. Sindano za kupunguza uvimbe, steroidi, nazo zimejaribiwa kwa ugonjwa huu na hazikuonyesha faida. Ila homa ikishuka kisha ikapanda siku ya nne au ya tano, hapo tunashuku kwamba vijidudu vimepata pafu dhaifu vikahamia. Hiyo ndiyo nimonia ya kawaida juu ya ile ya mafuta, na antibayotiki ina kazi. Waliomtibu mwanao walisubiri mahali pa kusubiri, wakachoma mahali pa kuchoma. Ingekuwa vizuri zaidi wangekueleza walipokuwa wanasubiri. Hilo ni kosa letu la miaka yote, tunafanya vizuri huku tumefunga midomo.

Tumfikie mama mkwe, na umsomee sehemu hii taratibu. Vile vipovu si kitu cha ajabu kwa watoto waliopaliwa na mafuta ya taa. Pafu likiwa linapona, kuta za njia ndogo za hewa zimevimba: hewa inaingia lakini kutoka inapata shida, inajikusanya, inatengeneza puto dogo. Kwenye picha unaona kiduara cheusi chenye ukingo mweupe mwembamba. Huonekana siku au wiki kadhaa baadaye, wakati mtoto mwenyewe keshaanza kukimbiza kuku, ndiyo maana kinashtua. Puto hizo nyingi husinyaa zenyewe kwa wiki kadhaa au miezi. Hazichomwi sindano wala kupasuliwa kwa sababu tu zimeonekana, na hazina dawa ya kunywa. "Hakuna dawa" ya daktari wako ilikuwa jibu kamili, ingawa fupi.

Kifua kikuu kinatoboa pafu kwa namna yake, na kwa mtoto mdogo hivi tungekitafuta kwanza nyumbani: kuna mtu mzima anakohoa zaidi ya wiki mbili? Mtoto anakonda? Homa za jioni zinaendelea? Kama jibu lolote ni ndiyo, mwambie daktari, atachukua sampuli ipimwe. Linganisheni pia na picha ya siku ya kwanza. Kama pafu halikuwa na viduara siku ile, na sasa vipo pale pale palipokuwa na ukungu mweupe, historia inajieleza. Dawa za kifua kikuu ni za miezi, hazianzwi kwa neno la barazani.

Kinachonifanya nikuandikie kwa urefu ni hiki kinachofuata. Puto linaweza kupasuka, mara chache, hewa ikamwagikia nje ya pafu. Linaweza pia kuingia vijidudu, usaha ukajaa kati ya pafu na mbavu. Kwa hiyo ukimwona ghafla anahema, analia akishikwa upande mmoja, midomo inakuwa ya bluu, usingoje wiki sita wala usingoje kesho. Homa ikirudi, vivyo hivyo. Na jifunze kuhesabu pumzi. Akiwa ametulia au amelala, pandisha fulana, angalia tumbo, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni nyingi. Angalia na chini ya mbavu: panabonyea ndani anapovuta pumzi? Ikiwa hivyo, safari.

Kikohozi kidogo cha usiku kwa sasa hakinisumbui, ila kitaje siku ya picha. Watoto wengi wanapona kabisa. Wapo waliopimwa miaka mingi baadaye wakakutwa na njia ndogo za hewa zisizo sawasawa, wakati wenyewe hawana malalamiko. Basi asivutishwe moshi: kibatari kisiwake chumbani anakolala, na babu wa sigara akavutie nje. Chanjo zake zisirukwe.

Uliomba nikusaidie kesi ya nyumbani. Gunzi lilikuwa kosa, chupa ya maji ya kunywa lilikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu mtoto wa umri ule anajua chupa ile ni ya nini na hawezi kutofautisha maji na mafuta kwa macho. Hilo unalijua bila kuambiwa na mkwe. Nunua kidumu chenye kifuniko cha kuzungusha, kitundike juu kwenye msumari. Ila kuanzia kooni kwenda chini, huna kesi ya kujibu.

*Sista, habari za kazi. Nina miaka 46, nasafisha vyumba kwenye nyumba moja ya wageni Morogoro. Wiki tano zilizopita choo cha kuchuchumaa kilikuwa na madoa sugu. Nikamwaga asidi ya choo, nikaona haitoshi, nikaongeza jiki. Ilipanda harufu iliyonichoma macho na kifua kikabana. Nilitoka, nikanywa maziwa, nikapata nafuu, nikarudi kumalizia. Usiku nikashindwa kulala chali, nikapelekwa hospitali, nikawekewa oksijeni siku mbili. Sasa kila nikipanda ngazi na ndoo kifua kinalia filimbi. Nimekunywa antibayotiki mara tatu. Sijawahi kuwa na pumu maishani.*

*Msafishaji, Morogoro*

Nzuri, mdogo wangu. Ulitengeneza klorini chooni. Ndiyo gesi ile ile Wajerumani waliyoifungulia kwenye mahandaki karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Jiki na asidi havikai pamoja hata kwa dakika moja, na jiki na dawa zenye amonia vilevile. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Aliyeinama juu ya tundu la choo uso wake uko pale pale ilipo. Ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu inageuka asidi.

Kosa lililokugharimu ni kurudi. Nafuu ya saa ile hudanganya, kwa kuwa mapafu yaliyounguzwa yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, hata mpaka siku nzima. Kushindwa kulala chali kulikuwa dalili ya hilo, na oksijeni ilikuwa jibu lake. Maziwa yalikwenda tumboni, gesi ilikuwa kwingine.

Kuhusu sasa, sidhani kama una vijidudu, na usinywe antibayotiki ya nne. Mwaka 1985 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu watu wa aina yako: hawakuwahi kuugua kifua, wakavuta gesi kali mara moja tu, ndani ya saa 24 wakaanza kubanwa na kupiga filimbi, na hali ikaendelea zaidi ya miezi mitatu. Ni kama pumu iliyozaliwa siku moja. Nenda hospitali yenye kipimo cha nguvu ya pumzi, taja klorini kwa jina lake, na uliza kuhusu pampu mbili: ya steroidi ya kuvuta kila siku ili kutuliza uvimbe, na ya salbutamoli ya kufungua kifua kinapobana. Hii steroidi ya kuvuta usiichanganye na ile niliyomwambia mama wa Muheza kwamba haisaidii. Lile ni pafu la mafuta, lako ni njia za hewa. Ukishavuta ya steroidi, sukutua mdomo na uteme, usije ukaota utando mweupe ulimini.

Dawa ya pampu ukiipuliza moja kwa moja mdomoni nyingi inaishia kooni. Kuna chombo cha kuvutia dawa, na kama hakipatikani kinatengenezwa nyumbani. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu la saizi ya mdomo wa pampu, ichomeke, ziba pembeni kwa utepe. Weka mdomo wako kwenye mdomo wa chupa, bonyeza pampu mara moja, vuta taratibu, shikilia pumzi mpaka kumi. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Na chupa yenyewe inunue na maji yake. Usiiokote jikoni kwa mtu.